Sauti ya Mwenye Albamu: Maandishi katika Biashara ya Picha za Harusi

Picha ya harusi, hata ikipigwa kwa ustadi mkubwa, humweleza mtazamaji mambo machache kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa huonyesha nyuso bila majina, mikono bila nasaba na chumba bila harufu yake. Kwa muda mrefu upungufu huo haukuwasumbua watu wa Afrika Mashariki, kwani albamu ya harusi haikuwa kitu cha kutazamwa kimya. Mgeni aliyekaribishwa sebuleni aliwekewa albamu mapajani huku chai ikiandaliwa, na pembeni yake akaketi mtu wa nyumba ile, mara nyingi mama au binti mkubwa, akifunua kurasa pamoja naye na kumweleza kwamba huyu ni somo wa bibi harusi, yule aliyesimama nyuma ni mjomba aliyewasili kutoka Tanga usiku uleule, na sare zile za kanga zilichaguliwa na upande wa mume. Picha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa sauti ya mwenye albamu.

Siku hizi picha hizohizo hutazamwa kwanza kwenye simu, na miongoni mwa wanaozitazama wamo watu wasiomjua hata mmoja wa maharusi, hasa wale wanaotafuta mpigapicha wa harusi yao wenyewe. Msimulizi wa sebuleni hayupo tena, na mpigapicha anayeandika kuhusu kazi yake ndiye anayeketi, apende asipende, mahali palipokuwa pa mama mwenye nyumba. Makala haya yanachunguza namna anavyoweza kuketi hapo kwa haki, na hoja yake ni kwamba maandishi ya namna hii humvuta mteja pale yanapobeba ujuzi wa harusi yenyewe, yaani nani ni nani, lipi linatangulia lipi, na lipi halipaswi kusemwa, kwa sababu ujuzi huo ndio bidhaa ambayo kamera peke yake haiwezi kuionyesha.

Kasoro iliyoenea zaidi katika maandishi ya wapigapicha ni wingi wa sifa. Harusi huitwa siku ya kipekee, penzi huitwa la kweli, kumbukumbu huitwa zisizofutika, na maneno hayo yaweza kuhamishwa kutoka harusi ya Musoma hadi ya Maskati bila kubadilishwa hata herufi moja. Mteja anayelinganisha wapigapicha watano na kukuta maneno hayohayo kwa wote watano hubakiwa na kigezo kimoja tu cha kuwatofautisha, nacho ni bei. Kwa hiyo mpigapicha anayelalamika kwamba wateja wanajali bei tu angefanya vyema kusoma upya alichowaandikia.

Ajabu ni kwamba utamaduni wa Waswahili una kielelezo cha zamani cha namna ya kuunganisha sura na maneno machache, na kielelezo hicho huvaliwa katika kila harusi. Kanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo unaoizunguka, mji, ambao ni uwanja wa katikati wenye mapambo, na jina, yaani maneno mafupi yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Jina la kanga halielezi ua wala korosho iliyochorwa juu yake, kwa sababu mwenye macho ameshaviona. Husema jambo ambalo mchoro hauwezi kulisema, na mara nyingi humlenga mtu fulani anayejua kwa nini limesemwa. Maelezo ya picha, yaani sentensi moja au mbili zinazowekwa chini yake, yangenufaika sana kwa kufuata kanuni hiyo. Kuandika kwamba bwana na bibi harusi wanatabasamu chini ya picha ya watu wanaotabasamu ni kuisoma kanga kwa kutaja rangi zake. Lakini kuandika kwamba bibi mzaa mama anamvisha mjukuu wake kikuba, yaani kishada cha asumini na rihani, alichokisuka mwenyewe tangu alfajiri, ni kumpa mtazamaji muda, undugu na harufu, mambo matatu ambayo hayamo katika picha.

Kihistoria, uhaba wa maelezo ya namna hiyo katika fani hii una sababu zake. Upigaji picha ulitangazwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1839, na Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwezi Februari 1840 hakuna picha ya harusi yake iliyopigwa. Binti yake mkubwa alipoolewa mwezi Januari 1858 ndipo mpigapicha alipokuwapo, akampiga bibi harusi pamoja na wazazi wake kabla ya ibada. Kwa sadfa ya kupendeza, ni katika miaka hiyohiyo ambapo Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake wa kumuusia binti yake juu ya maisha ya ndoa. London ikaanza kuihifadhi harusi kwa mwanga, na Pate ilikuwa tayari ikiihifadhi kwa maneno. Kamera ilipofika mwambao ilijikita katika studio, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako familia ya Gomes ilifanya kazi hiyo tangu karne ya 19, na ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Maharusi walikwenda studio, wakasimama mbele ya pazia, wakapigwa picha moja au mbili, na maandishi ya mpigapicha yakaishia kwenye muhuri wa studio uliogongwa nyuma ya karatasi. Mengine yaliandikwa na mwenye picha alipomtumia ndugu au rafiki yake wa mbali, kwa kawaida jina, tarehe na neno la ukumbusho. Mtaa mzima uliwajua waliopigwa, hivyo maelezo marefu yasingemsaidia mtu.

Picha za harusi za leo ni mamia, hupigwa kwa siku mbili au tatu, na mpigapicha huingia vyumbani ambamo zamani hakuna mgeni aliyeingia. Hapo ndipo utajiri wa lugha unapohitajika, kwa kuwa shughuli ya ndoa ina hatua nyingi zenye majina yake, na kila jina likikosewa msomaji aliyekulia katika mila hiyo hugundua mara moja kwamba mwandishi alikuwapo kwa mwili tu. Kuna posa, ambayo ni maombi ya kuoa yanayopelekwa na mshenga, kuna mahari, kuna singo, yaani mchanganyiko wa manukato anaosingwa bibi harusi ili ngozi yake ilainike, kuna hina na piko, kuna kesha. Jijini Dar es Salaam kuna kicheni pati, ambapo wanawake humfunda binti na kumzawadia vyombo, kuna sendofu, ambayo ni sherehe ya kumuaga upande wa familia yake, na kuna matarumbeta yanayotangulia msafara wa magari juu ya gari la wazi. Katika harusi za Wachaga wa Kilimanjaro huletwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, ambaye hukatwa mbele ya wageni kwa heshima ileile inayopewa keki. Mwandishi anayemwita mbuzi wa kuchoma hukosea kama yule anayeita mahari bei. Miongoni mwa Wakikuyu wa Kenya, ukataji wa bega la mbuzi katika sherehe ya ngurario ndio unaoikamilisha ndoa ya kimila, kwa hiyo picha ya kisu na nyama, ambayo mgeni angeipita haraka, ni picha ya ndoa yenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi ya maneno unapatikana katika ndoa ya Kiislamu ya mwambao. Nikahi, yaani mkataba wa ndoa, mara nyingi hufungwa msikitini kati ya bwana harusi na walii wa bibi harusi, naye bibi harusi akiwa nyumbani miongoni mwa wanawake. Baadaye bwana harusi husindikizwa hadi nyumbani, hutozwa fedha mlangoni na wanawake wanaomzuia kwa utani, kisha huingia kumpa mkono mkewe na kumwombea dua. Wapigapicha wawili, mmoja msikitini na mwingine chumbani, waweza kupiga kwa dakika ileile picha mbili zisizofanana kwa lolote: wanaume waliovaa kanzu wameinamisha vichwa, na msichana aliyejifunika shela anayetazama sakafu huku chetezo cha udi kikifuka miguuni pake. Zikiwekwa pamoja bila maneno, picha hizo ni mbili tu. Sentensi moja inayoeleza kwamba neno la kukubali lilipotamkwa kule, habari ilifika huku kwa vigelegele vya mtu aliyekuwa dirishani, huzifanya kuwa tukio moja. Mpigapicha aliyeandika sentensi hiyo ameshamwambia mteja wa baadaye, bila kujisifu, kwamba ana wasaidizi wa jinsia zote mbili, kwamba anaijua ratiba, na kwamba hakumvizia mtu.

Suala la kuvizia linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu baadhi ya sehemu tamu zaidi za harusi za mwambao ni zile zisizoruhusiwa kuonekana. Katika kupamba, sherehe ya wanawake ambapo bibi harusi huketishwa akiwa amepambwa bila hijabu, simu za wageni aghalabu hukatazwa, na familia nyingi humwajiri mpigapicha mwanamke ambaye hukabidhi picha zote kwa wenyewe. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu chake kuhusu upigaji picha wa mwambao wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2013, ameonyesha jinsi mjadala kuhusu kuonekana na kutoonekana ulivyoiandama kamera katika jamii hizi. Mpigapicha anayedhani kwamba sherehe kama hiyo haina cha kuandikwa, kwa kuwa haina picha ya kuonyeshwa, anapoteza fursa. Anaweza kuonyesha mikono yenye hina bila uso, sanduku la bibi harusi lililofunguliwa, viatu vilivyojaa mlangoni, kisha akaandika kuhusu sauti za nyimbo, uzito wa dhahabu shingoni, na namna wanawake wazima wanavyocheza wanapojua kwamba hakuna simu inayowapiga picha. Maandishi ya namna hii huipa stara nafasi yake, na kwa familia inayotafuta mtu wa kumwamini, stara hiyo ni hoja kubwa kuliko picha mia.

Hapa inafaa kusema jambo moja kuhusu uteuzi wa picha zinazoandikiwa. Wapigapicha wengi huanza simulizi kwa gauni lililotundikwa mlangoni, viatu vilivyopangwa sambamba na pete zilizowekwa juu ya ua, mpangilio uliotokana na majarida ya harusi ya Ulaya na Marekani, ambako vitu hivyo ndivyo vinavyobeba maana. Si kosa kuvipiga. Hata hivyo, katika harusi ambayo shangazi wanne wamekaa usiku kucha wakichambua mchele na kukuna nazi, gauni lililokodishwa kwa siku mbili halistahili kuwa sentensi ya kwanza.

Usahihi wa majina nao ni sehemu ya biashara, ingawa huonekana kama kazi ya karani. Picha ya ukoo yenye watu arobaini haina thamani ya maandishi mpaka mtu aandike nani ni nani kutoka kushoto kwenda kulia, na anayewajua wote kwa kawaida ni mtu mmoja au wawili, wazee, ambao baada ya sherehe watarudi kwao. Mpigapicha mwenye busara hutenga msaidizi mwenye daftari, au humwomba mshenga amwelekeze papo hapo, na huuliza pia undugu, kwa kuwa kumwita mama mkubwa shangazi, yaani kumtoa mtu upande wa mama na kumpeleka upande wa baba, ni kosa litakalosomwa na ukoo mzima.

Kundi jingine la maandishi, ambalo huleta wateja wengi kuliko simulizi lenyewe, ni yale yanayomfundisha msomaji jambo ambalo mpigapicha pekee analijua. Mwanga ni mfano mzuri. Jijini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 12 na dakika hamsini jioni, mwaka mzima, na kwa kuwa mji uko karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima na giza huingia baada ya dakika ishirini na kitu. Harusi iliyofungwa kanisani saa nane mchana, ikachelewa kwa saa moja, kisha msafara ukakwama barabarani, hufika ufukweni wakati mwanga laini wa jioni umebakiza dakika chache. Mpigapicha anayeyaeleza hayo mapema, kwa takwimu na kwa lugha ya upole, huwaokoa maharusi na majuto na hujiokoa mwenyewe na lawama. Kisiwani Unguja kuna jambo la ziada. Wageni wengi wanaokwenda kufungia ndoa huko huchagua ufukwe kwa kuangalia picha za maji ya samawati, wasijue kwamba katika pwani ya mashariki, kama vile Paje na Jambiani, maji yanapokupwa hujivuta mbali sana na kuacha tope, majani ya bahari na wanawake wanaolima mwani, na kwamba nyakati za maji kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika hamsini kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo yaweza kufikia mita nne hivi. Isitoshe, huko mashariki jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, ilhali Kendwa na Forodhani ndiko linakozama majini. Aya mbili za maelezo kama hayo, zikiambatana na picha za ufukwe uleule asubuhi na alasiri, humthibitishia msomaji aliye Nairobi, Stockholm au Toronto kwamba mwandishi anaijua pwani kwa miguu yake.

Rangi ya ngozi ni somo jingine lisiloandikwa vya kutosha. Filamu za rangi za karne ya 20 zilisawazishwa kwa kadi za majaribio zilizoonyesha mwanamke mweupe, ambazo katika maabara ziliitwa kadi za Shirley, na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao zilipotea, yalichangia kuisukuma kampuni ya Kodak kuboresha filamu zake. Kamera za kidijitali zimepunguza tatizo hilo, lakini ugumu wa kupiga ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe chini ya taa za zambarau za ukumbini ungali upo. Mpigapicha anayeeleza jinsi anavyopima mwanga wa uso kwanza, na kwa nini humwomba mpambaji apunguze taa fulani wakati wa kukata keki, anazungumza na hofu halisi ya bibi harusi aliyewahi kuona picha za dada yake zikiwa za kijivu.

Mwandishi wa aina hii hukosea pia anapodhani kwamba msomaji wake ni bibi harusi peke yake. Nchini Tanzania harusi nyingi huendeshwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambayo hukusanya michango kwa kadi na kugawa bajeti kati ya ukumbi, chakula, mapambo, emsii, muziki, picha mnato na video. Picha mnato ni picha zisizotembea, na katika vikao vya kamati hizo ni miongoni mwa mafungu yanayopunguzwa kwanza fedha zikipungua. Simulizi linalomliza bibi harusi halimsaidii mweka hazina, ambaye anataka kujua saa za kazi, idadi ya wapigapicha, kurasa za albamu, muda wa kukabidhi na masharti ya malipo ya awali. Majibu hayo yakiandikwa waziwazi, bila maneno ya kupapasa, bibi harusi hupata silaha ya kumtetea mpigapicha kikaoni asikokuwapo. Wakati wa kuandika una uzito vilevile: harusi za Waislamu huongezeka Shaaban na hurejea Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, Wakatoliki wengi huepuka Kwaresima, Desemba Wachaga hurudi Kilimanjaro, na masika huanzia Machi hadi Mei. Makala kuhusu kupiga picha mvuani hayana budi kutoka kabla ya mawingu.

Mwisho, kuna mambo ambayo hayaandikwi. Kiasi cha mahari hakiandikwi, hata kama kilitajwa kwa sauti mbele ya mashahidi. Ugomvi wa mlangoni uliovuka mpaka wa utani hauandikwi. Wala ujauzito wa bibi harusi, wala nani hakuhudhuria. Sheria nayo imeingia katika uwanja huu. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa misingi ya sheria hizo picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Ridhaa, yaani idhini inayotolewa kwa hiari na mtu anayejua anachokubali, inapaswa kuombwa kwa ajili ya picha na pia kwa ajili ya simulizi, kwa kuwa wapo wanaokubali sura zao zionekane na wasikubali habari zao zisomwe. Ridhaa hiyo yaweza pia kuondolewa. Ndoa nyingine huvunjika, na mpigapicha aliyeandika simulizi lake zuri kuliko yote huweza kupokea ujumbe mfupi, miaka mitatu baadaye, kutoka kwa mmoja wa wale wawili, ukimwomba alifute. Baadhi hufuta kila kitu siku hiyohiyo. Wengine huondoa majina na nyuso, wakabakiza mikono ya bibi aliyesuka kikuba tangu alfajiri, baada ya kumuuliza yeye naye kama anaridhia.